Viungo Vinne vya Mpira Mweusi

Jumapili, 1 Juni 1958

Daftari hili nililinunua niandike siku za ng'ombe wangu kupandwa. Ng'ombe amekufa, daftari limebaki, na mimi si mtu wa kutupa karatasi. Nitaandika habari za maji.

Mwanangu Asukile yuko migodini kusini. Alikuja Januari kwa mwezi mmoja, akaondoka, akamwacha mkewe Lusia na mimba. Ni ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka, zote mbili Lusia akiwa na debe la maji kichwani. Juzi mke wangu Tusajigwe alimpeleka hospitali ya misheni, na mkunga akasema maneno mafupi: huyu asibebe kitu kizito mpaka ajifungue, mkitaka mtoto.

Maji yetu yako bondeni. Kutoka mlangoni mpaka pa kuteka ni hatua mia tatu na arobaini za mteremko. Nilizihesabu mwenyewe, mikono mitupu, na niliporudi juu niliona nyota mchana. Tusajigwe magoti yake yamekwisha. Mimi ni mwanamume, na kwetu mwanamume akionekana na debe watu huja kumpa pole, wakidhani mkewe amefariki.

Tena kuna hili. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Nikikohoa njiani Lusia anaingia majanini na kujifunika uso. Ana miaka mitatu hapa kwangu na sura yake siijui. Namjua kwa kisigino kinachopotea nyuma ya nyumba. Wazee wa kanisa walisema desturi hiyo tuilegeze. Tukaitikia amina, tukarudi nyumbani tukaendelea.

Basi nimepata akili. Ng'ambo ya bonde, katika shamba la mzee Eliezeri, kuna chemchemi iliyo juu kuliko nyumba yangu. Maji yakifungiwa ndani ya bomba hushuka bonde na kupanda ng'ambo yenyewe, alimradi yalikotoka ni juu kuliko yanakokwenda. Nilijifunza hayo machimboni Lupa, nilikofanya kazi ya mabomba miaka saba. Eliezeri amekubali. Jumamosi mbili tu, maji yatakuwa mlangoni.

Jumanne, 3 Juni

Mbeya mjini, dukani kwa Bwana Mulji. Bomba la chuma ni zito, lori halifiki kwangu. Mulji akanionyesha mpira mweusi wa plastiki, mgumu kiasi, umeviringishwa kama kamba. Mtu mmoja anabeba futi mia tatu begani. Nimechukua mizunguko mitano, na viungo vinne vya shaba vya kuiunganisha.

Mulji alitaka kunieleza namna ya kuunga. "Hii si chuma, fundi. Hii ina mambo yake. Sikiliza kidogo."

Nikamwambia, "Bwana Mulji, mimi nilishika mabomba Lupa wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni."

Akacheka, akanipa karatasi ya Kiingereza yenye picha. Nimeiweka ndani ya Biblia, mahali ambapo haitapotea wala kusomwa.

Alhamisi, 5 Juni

Tumepandisha mizunguko yote kutoka barabarani. Jirani yangu Saulo, mzee wa kanisa na mtani wangu tangu ujana, alisimama uani akaitazama. "Anyitike, chatu hawa watakula nini?"

Jumamosi, 7 Juni

Mpira huu una kiburi. Ukiunyoosha unarudi kujiviringisha. Baridi ya asubuhi imeukaza kama mfupa. Saulo alikalia ncha moja, mimi nikavuta nyingine. Alipoinuka ukanipiga shavuni. Saulo akasema mke wangu amepata msaidizi.

Tumeupitisha kwenye njia ya wanawake, kwa sababu kwingine ni kichaka kitupu. Viungo viwili vya kati vimeangukia chini kabisa bondeni, hapo hapo pa kuteka maji.

Ndani ya kila kiungo nilikuta vipande viwili vifupi vya shaba, kama pete pana. Nikaona vimewekwa ili kiungo kisipondeke safarini. Nimevitia kwenye kopo la misumari. Shaba nzuri, itafaa.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nilifungulia. Nilikuwa nimeunga vyote vinne kama tulivyounga Lupa: katani imezungushwa vizuri, rangi nyekundu juu yake, nati imekazwa kwa spana mpaka mshipa wa shingo ukanitoka. Tusajigwe aliweka ndoo chini ya koki. Jirani walikuja. Saulo aliomba sala fupi.

Koki ilikohoa mara mbili kama mimi njiani. Kisha tukasikia bondeni mlio, kama mtu amepasua kibuyu. Kiungo cha pili kilikuwa kimechomoka na maji yakiruka juu kuliko mgomba.

"Sala ilikuwa fupi mno," akasema Saulo.

Jumapili, 15 Juni

Damari, binti wa Saulo, ndiye anayetutekea maji kwa sasa. Mungu ambariki. Nimesema ni kwa wiki moja tu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeongeza katani. Kimechomoka cha tatu.

Jumatano, 25 Juni

Siku hizi nashinda bondeni. Niseme kweli, napenda. Nikishuka nakohoa, na wanawake wananipisha. Wakwe za watu wanakwenda zao, vikongwe wanabaki kunitazama nikikaza nati. Kikongwe mmoja ameniuliza kama natega panya. Nikamwambia, "Mama, natega maji." Akasema maji nayo yana akili.

Jumamosi, 28 Juni

Kiungo cha pili na cha tatu kwa pamoja. Katani imekwisha.

Jumanne, 8 Julai

Umande umeganda usiku, majani ya viazi yamekuwa meusi. Nimekata ncha za mpira upya kwa panga, kwa sababu zilikuwa zimechakaa. Panga limekata mshazari, lakini nikaona hilo halidhuru, nati itaficha.

Haikuficha.

Jumamosi, 12 Julai

Nimewaza: ukaidi wa huyu mpira ni baridi. Nikawasha moto bondeni nikaipasha ncha. Ikawa laini, nikafurahi. Ikawa laini zaidi, ikalegea kama uji, ikashika moto. Nilikimbia nayo mtoni. Futi mbili zimepotea, na nyusi ya kushoto.

Jioni, nikila, Tusajigwe alisema kama mtu anayezungumza na chungu chake, "Labda ungeitia katika maji ya moto, siyo motoni."

"Nani kakufundisha mabomba?"

"Nimesikia tu."

"Mama Asukile, mimi nilikuwa Lupa miaka saba."

"Najua. Huko Lupa ulikuwa na nyusi."

Nimeandika ili nicheke. Sikucheka wakati ule.

Jumamosi, 19 Julai

Hapana.

Ijumaa, 25 Julai

Saulo alikuja kukaa nami bondeni. Alinitazama nikizungusha katani, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Anyitike, nikuulize kitu? Mpaka mpira huu ukubali, kwa nini usibebe debe mwenyewe? Asubuhi moja, jioni moja."

"Nikutane na wanawake njiani na debe kichwani?"

"Mimi nitacheka wiki moja. Nikichoka nitaacha."

Nikamwambia Jumamosi ijayo maji yatafika. Akasema sawa. Kisha akaniambia kilichomleta: Damari ameitwa kuchuma pareto, anaondoka Jumatatu. Nikasema sawa na mimi.

Jumatano, 30 Julai

Nilirudi mapema kutoka bondeni kuchukua spana kubwa, nikasahau kukohoa. Nikaona nyuma ya jiko kile kisigino, kimelowa maji, na chini nyayo za maji zimetoka njia nyingine, ile ya kule chini kwenye mianzi.

Nilimuuliza Tusajigwe. Alikuwa anamenya viazi.

"Ulidhani maji yako ya kuoga yanatoka wapi, Baba Asukile? Yananyesha?"

"Nilidhani wewe..."

"Kwa magoti haya?" Akaendelea kumenya. "Anabeba nusu debe. Nimemkataza, anasema nusu si mzigo. Tuandike barua kwa dada yangu Tukuyu, atupe binti yake mpaka Novemba."

"Mpaka barua ifike na binti aje, maji yatakuwa yameshafika. Wiki moja tu."

"Tangu Juni ni wiki moja tu."

Nilikasirika, nikashuka bondeni, nikakaza nati mpaka ikapasuka. Ndiyo maana nimeandika kurasa hizi badala ya kulala. Mtu aliyepasua nati ya shaba kwa hasira afanye nini tena? Barua ya Tukuyu sikuiandika.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimefunga kiungo chenye nati iliyopasuka kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kilishika muda wa mtu kusema Baba Yetu. Tulisema.

Jumamosi, 9 Agosti

Hapana.

Jumamosi, 16 Agosti

Hapana. Saulo hakuja. Nimeanza kumchukia Mulji, mtu ambaye hajanikosea isipokuwa kuniuzia nilichoomba. Nimelala mchana nikitazama dari. Nikisikia mlango wa jiko naziba masikio, nisijue anayetoka anakwenda wapi.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekwenda Mbeya kugombana. Niliingia dukani na kipande cha mpira mkononi, nikakiweka mbele ya Mulji kwa nguvu, watu wakageuka.

"Umeniuzia mpira mbovu."

Mulji akakichukua, akatazama ncha, akanusa. "Hii ni rangi?"

"Rangi na katani."

"Na hapa umekata na nini, shoka?"

"Panga."

"Fundi, kuja huku nyuma. Kaa. Usha, lete chai." Usha ni mkewe. Alileta chai ya maziwa na akanitazama nyusi, akaondoka upesi. Nilimsikia akicheka ndani.

Mulji akakata kipande kwa msumeno wa chuma, polepole, ncha ikawa sawa kama sahani. Akaitia katika kikombe chake cha chai ya moto, chai ile ile ya kunywa, akahesabu mpaka thelathini. Ikalegea kidogo. Kisha akachukua pete pana ya shaba akaisukuma ndani ya mdomo wa mpira. "Hii ndiyo mfupa. Plastiki haina mfupa. Ukikaza nati bila mfupa, inakimbia ndani kama nyama isiyo na mfupa ukiibana kwa meno. Ukiweka mfupa, nati inapata kitu cha kushika." Akaingiza mpira katika kiungo mpaka ukagota, akakaza nati kwa mkono, akamalizia kwa spana, nusu mzunguko. Bila katani. Bila rangi. "Vuta."

Nilivuta. Nikaweka mguu ukutani nikavuta. Chai ikamwagika, kiungo kikabaki.

"Pete zako ziko wapi? Kila kiungo mbili. Jumla nane."

Nilikuwa nimezikumbuka. Tangu Juni nimezitumia kufunga mipini ya visu isipasuke. Zilikaa vizuri sana, nikawagawia watu, wakanisifu. Nilimwambia Mulji ziko nyumbani. Alinipa nati mpya, hakutaka kitu, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Pete nyingine hana mpaka zitoke Dar es Salaam, mwezi mzima.

Jumatano, 20 Agosti

Nilimweleza Tusajigwe kuhusu maji ya moto.

"Nilikwambia Julai."

"Uliniambia umesikia tu. Ulisikia wapi?"

"Kwa mkweo." Akapunguza sauti ingawa jiko liko mbali. "Kabla ya kuolewa alifua nguo hospitali ya misheni. Mafundi waliweka mpira kama huo pale, aliwatazama wiki nzima. Alisema nisikutajie kuwa ni yeye, utaona haya kufundishwa na mke wa mwanao. Pete pia alisema. Nilipotaka kukwambia za pete, ulishaniambia habari za Lupa."

Sasa niandike jambo ambalo babangu asingeliandika. Jioni nilichukua kigoda nikakaa nje, nimeegemea ukuta wa jiko, uso nimeuelekeza shambani. Tusajigwe akakaa mlangoni. Lusia alikuwa ndani, mbele ya moto. Nikasema na mke wangu kwa sauti ya kutosha, "Mama Asukile, laiti ningejua wale mafundi walifanyaje wakiwa chini bondeni, ambako maji yana nguvu."

Kisha nikaisikia sauti ya Lusia, ya chini, nzito kuliko nilivyodhani, anasema na mama mkwe wake. "Mama, wale walibeba sufuria na moto wao mpaka pale pale. Ukichemshia nyumbani yanapoa njiani."

"Kumbe," nikamwambia Tusajigwe.

"Tena, mama, wao walikuwa wawili. Mmoja anashika, hasogei, mwingine anakaza. Akisogea wa kwanza, pete inalala upande."

"Na kukata je?" nikamuuliza Tusajigwe, ambaye alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga asicheke.

"Mama, mtu akikata kwa panga, mdomo unakuwa kama wa mbuzi anayetafuna. Hauwezi kufunga."

Nilicheka mpaka nikakohoa, na nilipokohoa nikamsikia akisimama kukimbia, kwa mazoea. Tusajigwe akamwambia, "Kaa, mwanangu, ni kikohozi cha bure." Akakaa. Miaka mitatu, na huyu ndiye fundi wa nyumba hii. Sikumwambia Tusajigwe amshukuru. Nilidhani nitafanya hivyo maji yakifika.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimezunguka kudai pete zangu. Fikiria mzee mzima anagonga milango akisalimu, "Ndaga, nimekuja kuchukua pete ya kisu nilichokutengenezea." Saulo alinirudishia yake pamoja na kisu. Nimepata tano nzima. Moja imepasuliwa, mbili hazijulikani.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimechonga pete tatu za mwanzi mkavu. Nimeziweka kwenye kiungo cha kwanza na cha nne, juu, ambako maji hayana nguvu. Za shaba nimezihifadhi kwa bondeni. Saulo amerudi kunishikia mpira, lakini mgongo umemshika, tunafanya kidogo kidogo. Kiungo cha kwanza kimekubali.

Kukata upya kumeufupisha mpira. Inabidi tuuvute wote usogee.

Jumamosi, 6 Septemba

Upepo na vumbi. Kiungo cha nne kimekubali. Wiki hii nitakuwa bondeni kila siku mpaka viwili vya chini vimalizike. Tusajigwe amesema Lusia ana miguu imevimba kidogo lakini mtoto anapiga teke kama punda. Kasema hivyo akitabasamu.

Ijumaa, 12 Septemba

Cha tatu, jana. Kesho cha pili.

Jumapili, 14 Septemba

Jana maji yalifika saa nne asubuhi. Lusia aliletwa saa tano.

Naandika kwa mpangilio, kwa sababu nikiacha mpangilio sitaandika. Saulo na mimi tulishuka alfajiri na sufuria na kuni. Tulipasha ncha, nikahesabu thelathini kwa sauti, pete ikaingia, mpira ukagota, nati kwa mkono, kisha spana nusu mzunguko. Saulo hakusogea hata kidogo. Mgongo ulimuuma mpaka machozi yakamtoka na hakusogea. Tukapanda kwa Eliezeri tukafungulia. Tukarudi nyumbani tukasimama mbele ya koki kama watu wanaongoja treni. Ilitoa upepo, ikatoa tope jekundu, kisha maji. Nilitia kichwa chini yake na nguo zangu zote. Saulo alikuwa anaimba. Nilimwita Tusajigwe, nikasema kwa sauti kubwa makusudi, ili isikike jikoni, "Mwambie mkwe wangu aje afungue mwenyewe, mimi naondoka, naenda nyuma ya nyumba nisimwone. Aje afungue kazi yake."

Tusajigwe akasema, "Hayupo. Amekwenda kuteka maji."

"Wapi? Mbona nilikuwa bondeni tangu alfajiri, sikumsikia?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mgeni.

"Ukiwa bondeni yeye atashukaje hapo? Anakwenda kule chini kwenye mianzi, kwenye bwawa la mawe. Tangu Damari aondoke. Siku unazokuwa nyumbani anateka karibu. Siku unazokuwa bondeni anazunguka."

Kule kwenye mianzi ni mara mbili ya njia yetu. Kuna utelezi hata kiangazi, na mahali pamoja unapanda kwa mikono. Mbuzi wangu siwapeleki kule. Na mimi tangu mwisho wa Julai nimekuwa bondeni karibu kila siku, na wiki hii kila siku bila kukosa.

Tulikuwa bado tunasema wakati wanawake walipotokea shambani kwa chini. Walikuwa wanne na wamemchukua ndani ya kanga mbili zilizofungwa. Mmoja akapaza sauti niondoke, baba mkwe aondoke. Nikaondoka. Hata hapo nikaondoka. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa chini na maji yananitiririka, na koki mbele ilikuwa wazi, hakuna aliyekumbuka kuifunga.

Saulo alikimbia barabarani na mgongo wake ule kutafuta lori. Halikupatikana mpaka saa tisa. Mtoto hakungoja lori. Alikuwa wa kiume. Wanawake walimwosha kwa maji ya koki, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu, wakamzika wenyewe, na kwa desturi mimi siambiwi mahali.

Lusia yuko hospitali. Ataishi, wanasema.

Jumatatu, 15 Septemba

Sina la kuandika. Maji yanakuja vizuri.

Alhamisi, 18 Septemba

Saulo alikuja, akakaa nami bila kutania. Nikamwambia, "Ulinishauri nibebe debe." Akasema, "Mimi pia nina mikono, Anyitike. Na njia ile ya mianzi naijua, mke wangu alinitajia Agosti. Nikaona si jambo la kuingilia." Tukakaa.

Watu wanakuja kutazama koki. Wanasifu. Wawili wameniomba niwaungie mpira kwao. Nimewaonyesha jinsi ya kukata.

Jumamosi, 27 Septemba

Lusia amerudi. Nilikohoa nikiwa mbali kabisa, karibu na barabara, nikaona aibu kukohoa. Nilimwambia Tusajigwe amwambie kwamba mimi kuanzia leo sitaki akimbie. Akinikuta njiani apite, mimi ndiye nitakayegeuka. Tusajigwe alikwenda jikoni, akarudi.

"Amesemaje?"

"Amesema wewe, tata, usijisumbue. Amesema amechoka kukimbia na amechoka kutokimbia, yote sawa."

Jioni nilisikia koki inafunguliwa, debe linajaa, koki inafungwa.

Jumapili, 5 Oktoba

Mawingu ya kwanza juu ya Rungwe, bila mvua.

Nimerudi kanisani. Baada ya chakula Tusajigwe aliniletea wino na karatasi akaviweka mezani. Mwanamke huyu niliyemwona msumbufu miaka yote hakuwa amenena neno juu ya jambo hili tangu siku ile. Alisema tu, "Asukile hajui. Anahesabu miezi huko. Mwandikie leo, barua iondoke kesho."

Nikaandika. Mwanangu mpenzi, sisi ni wazima. Nikasimama. Nikaandika, habari kubwa ni kwamba maji yamefika mlangoni, kutoka kwa Eliezeri, kwa mpira mweusi wa plastiki. Hapo kalamu ikapata mbio. Nilimweleza kwamba ukate kwa msumeno, usikate kwa panga, na ncha uitie katika maji ya moto, si katika moto. Nilimweleza pete inaingia ndani, siyo kwenye kisu. Nilimweleza mmoja ashike na asisogee. Nilimchorea picha. Nikamweleza kiungo cha kwanza kilivyo, na cha pili, na cha tatu, ukurasa wa kwanza ukajaa, nikageuza.

Tusajigwe alikuwa amekaa mlangoni, mgongo kwangu. Jua lilikwisha kuhama kutoka mezani.

"Umeshamwambia?" akauliza.

"Bado," nikasema. "Niko kwenye kiungo cha nne."